Manesi wapigwe msasa kuhusu kanula

Mhariri, nimemuuguza mama wiki nzima hospitali moja ya wilaya, kanula, kile kimrija cha mshipani cha kupitishia dawa na dripu, imekaa mkononi siku tano, plasta imeloa na haijaandikwa hata tarehe, mkono ukavimba ukawa wa moto kama pasi, nesi akija anasukuma dawa tu, hanawi wala hafuti mdomo wa kanula kwa spiriti, nikiuliza ananijibu "kaka, si dripu inapita?" Simlaumu sana, usiku wodi nzima yuko peke yake. Ila Shirika la Afya Duniani (WHO) walishatoa mwongozo wa mambo haya 2024, sasa kwa nini semina ziishie kwa mamatroni hotelini? Zileteni wodini, wafundishwe kwa vitendo, kila zamu waikague, na kanula isiyo na kazi itolewe.

Msomaji, Morogoro