Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Kanisa la Kale la Bagamoyo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Baba Paroko,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Tumsifu Yesu Kristo! Na kwa ndugu zetu Waislamu, asalamu aleikum.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Bagamoyo. Mnara uliouona uliposhuka garini ni wa kanisa la kwanza la misheni hii, lililojengwa mwaka 1872, miaka minne baada ya mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, kuvuka kutoka Zanzibar. Kanisa kubwa tunalosali leo lilijengwa kati ya 1910 na 1914.

Mgeni Rasmi, watalii wakifika hapa swali lao la kwanza ni David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti. Tunawajibu, ingawa kwa kweli limeshatuchosha kidogo. Livingstone alifikishwa hapa akiwa maiti, tarehe 24 Februari 1874, akalazwa usiku mmoja, kisha safari ya kwenda kuzikwa London ikaendelea. Sisi tungependa watalii waulize pia habari za akina Chuma na Susi, watumishi wake, na wenzao, walioubeba mwili ule kwa miguu kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, zaidi ya kilomita 1,500. Waulize pia habari za waliokombolewa utumwani, ambao ndio walioishi hapa, wakalima mashamba ya misheni na mwaka 1876 wakajenga pango la Bikira Maria.

Tena jengo lenyewe, pamoja na msalaba wake, ni la Kipwani. Kuta ni za matumbawe na chokaa, sawa na misikiti na nyumba za Mji Mkongwe wetu wa Bagamoyo. Katika nyumba hizo dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haina urefu mwingi, vyumba huwa vyembamba. Aliyepanga upana wa chumba ni mti, si tajiri mwenye nyumba!

Hapo ndipo penye ombi letu. Ukuta wa matumbawe hunywa unyevu na chumvi. Chokaa huuacha unyevu ule utoke. Saruji huufungia ndani, chumvi ikaisukuma plasta mpaka ibanduke na vipande vya jiwe. Zungukia Mji Mkongwe leo jioni utaziona nyumba zilizokarabatiwa kwa saruji, kwa nia njema kabisa, jinsi zinavyomeguka.

Kwa hiyo tunaomba utusaidie kupata mafunzo ya upigaji chokaa, tufundishwe na mafundi wazee wangali na nguvu za kupanda jukwaa. Tunaomba pia kibao pale mnarani chenye habari za waliobeba na waliojenga, kwa Kiswahili kwanza. Fedha za kibao tumeanza kuchanga. Zilizopungua, Mgeni Rasmi, tunakuachia wewe.

Tunaomba kuwasilisha.