Kwa nini namtaja Hong

Ndugu yangu Salum,

Salamu sana, na wasalimie wote nyumbani. Umeniuliza kwa nini kila tukizungumzia mabondia wa Korea namtaja kwanza Hong Soo-hwan, wakati Jang Jung-koo alitetea mkanda wake mara 15 na Yuh Myung-woo mara 17. Hesabu hizo sizibishii. Hong mikanda yake hakudumu nayo. Lakini angalia aliifuata wapi.

Julai 1974, akiwa bado askari jeshini, alisafiri hadi Durban, Afrika Kusini, kumkabili Arnold Taylor, bingwa wa WBA (chama cha ngumi cha dunia) uzito wa bantam, mbele ya watu wa kwao Taylor. Akamwangusha mara nne na kushinda kwa pointi baada ya raundi 15. Akampigia mama yake simu kumwambia amekuwa bingwa, na Wakorea wa rika lile hawajayasahau mazungumzo yale.

Kisha akakutana na Alfonso Zamora wa Mexico. Mwaka 1975 Zamora alimlaza raundi ya nne na kumnyang'anya mkanda. Wakarudiana Incheon 1976, akapigwa tena, raundi ya 12. Akapanda uzito.

Novemba 1977 akaenda Panama kugombea mkanda mpya wa WBA wa super bantam, uzito wa juu kidogo ya bantam. Mpinzani wake, Hector Carrasquilla, kijana wa pale pale, alikuwa ameshinda mapambano 11, yote kwa KO, yaani kumwangusha mpinzani asiweze kuendelea. Raundi ya pili Hong alianguka mara nne. Nne, Salum, ndani ya dakika tatu! Pambano lile halikuwa na kanuni ya kumalizwa bondia akianguka mara tatu, ndiyo maana aliruhusiwa kuendelea. Mtu aliyepigwa vile angejikunyata, avute muda. Raundi ya tatu Hong alitoka konani akamfuata Carrasquilla, akamsukumia kwenye kamba, akampiga mwilini, na mkono wa kushoto ukammaliza raundi ile ile. Mimi sijaona ujasiri kama ule ulingoni.

Aliutetea Tokyo Februari 1978, na Mei Ricardo Cardona wa Colombia akaja kuuchukua Seoul kwenyewe. Liliniuma, maana mikanda yote miwili alikuwa ameitwaa ugenini.

Pambano la Panama lipo mtandaoni. Litazame na vijana wako wa mazoezi, raundi zote tatu, halafu niandikie kama bado unamweka Jang juu yake.

Wako,
Idi