Jumamosi: kushona daftari na kulivika ngozi

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi saa 3 asubuhi tuwe karakanani kwa Mzee. Wanawe watatuandalia meza na ngozi.

Kila mtu alete karatasi 12 za A3, tukate kila moja vipande viwili kisha tupange vitita 6 vya karatasi 4. Msinunue A4. Nyuzinyuzi za karatasi yake mara nyingi hukimbia kwa urefu, ukiikunja zinakatana na mgongo wa daftari, na daftari likishika unyevu wa gundi hufura na kukataa kufunga.

Uzi wa kitani mita 1 na nusu, uliopakwa nta. Unaposhona uvute kuelekea unakokwenda, sambamba na mgongo. Ukiuvuta kwa juu, karatasi inachanika tunduni.

Ngozi ni ya mbuzi, iliyotengenezwa kwa magome ya miti. Ya kromu, yaani iliyotengenezwa kwa kemikali ya kromu, haishiki nakshi. Kingo tutazipunguza unene mpaka kama nusu milimita. Hapa ndipo wengi hutoboa: kisu kikiwa butu, mkono hulazimisha. Noeni mara kwa mara, tafadhali sana.

Madaftari yatalala chini ya mbao na mawe hadi Jumatatu. Likitolewa bichi, ngozi hukauka ikivuta na jalada hupinda.

Anayekuja aandike jina kabla ya Alhamisi.