Mpigie Ami Haji kabla hajaharibu

Yakhe Suleiman,

Asalaam alaykum. Huku kwema, mama anakusalimu, vuli imekatakata tu, hayo tuyaache. Nakuandikia kwa ile video yako.

Ile uliyomtumia Ami Haji, ya jamaa yako wa kazini huko Marekani anamwaga ndoo ya mahindi halafu anapanda mtini kukaa kwenye kiti kama mlinzi wa benki, kulungu anajileta mwenyewe. Ami kaiangalia mpaka bando likamwishia, kila anayepita barazani lazima aonyeshwe. Sasa kashika lake, ati wasasi tunajichosha bure na nyavu na mbwa, yeye atamwaga maganda ya maembe kule porini Muyuni asubiri. Nikamwambia Ami, maembe hayachagui mgeni, atakuja nunga, yule paa mdogo wa msituni kwetu, maana kazoea kuokota majani na maua wanayoangusha kima, na nunga wenyewe wamebaki wachache na wanalindwa. Akanijibu, "Mbona Marekani wanafanya?" Basi umeniponza hapo.

Maana hukumwambia yote. Nimesoma mie. Huko Michigan rasi yote ya kusini walipiga marufuku kumwagia kulungu chakula mwaka 2019, na wewe si uko hukohuko kusini, Grand Rapids? Kule rasi ya kaskazini, Upper Peninsula, ndio bado wanaruhusu, tena kwa kipimo, galoni 2 basi. Sababu maradhi, CWD wanayaita, yanatoboa ubongo, mnyama anakonda anadondokwa na mate mpaka anakufa, hayana dawa. Kulungu wa porini Michigan waligunduliwa nayo 2015. Sasa wakikusanyika kwenye rundo moja la mahindi wanalambiana mate, na uchafu wake unakaa ardhini miaka. Bado kifua kikuu cha ng'ombe. Binadamu haijathibitika kuambukizwa CWD, lakini nyama ya aliyeumwa wanasema usile.

Mimi Ami hanisikilizi, kwake mie mtoto tu. Wewe wa Marekani atakusikia, mwambie hivyohivyo, usimpakie sukari. Maganda keshaanza kuyajaza guniani nyuma ya jiko, inzi wametuhamia, mama kanuna na mimi ndo nalaumiwa, sijui kwa lipi.

Hebu niambie, mlikwenda kaskazini au palepale kwenu? Huyo jamaa ana kibali? Kichwa cha kulungu alikipeleka kupimwa hiyo CWD? Na wewe yakhe, nyama ulikula?

Wako,
Mbarouk