Ua halikufinyangwa na nyuki peke yake

Mhariri,

Naandika kuhusu makala ya ukurasa wenu wa sayansi iliyoeleza kwa nini maua yana rangi na harufu. Niliisoma mara mbili, na mchoro wake nimeukata nikauhifadhi, maana nyuki wa pale, mwenye vifurushi vya chavua, ule unga wa maua, miguuni, amechorwa na mtu aliyewahi kumtazama nyuki kwa karibu. Lakini makala nzima imewapa wachavushaji, yaani wanyama wanaobeba chavua toka ua hadi ua, sifa zote. Petali, vile vijani vya rangi vya ua, ni kwa ajili ya nyuki, harufu ya usiku ni kwa ajili ya nondo, nekta, maji matamu ya ua, ni kwa ajili ya ndege, basi. Mlaji wa mimea hakutajwa hata mara moja. Nimefundisha Baiolojia sekondari kwa miaka 31, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilifundisha hivyohivyo, kwa hiyo siwalaumu. Nataka tu kueleza kilichonibadilisha.

Lilikuwa swali la msichana mmoja darasani. Nilikuwa nimemaliza kusema kwamba mmea wenye ua kubwa na harufu nzuri hutembelewa zaidi, huacha mbegu nyingi zaidi, na wazao wake hurithi ua la namna hiyo. Akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama ni hivyo, mbona maua yote hayajawa makubwa? Muda si wameupata wa kutosha?" Nikamjibu kwamba ua ni gharama kwa mmea. Jibu hilo si la uongo, ila nililisikia likinitoka mdomoni nikajua halitoshi, na yeye alijua pia.

Wiki hiyo nilichuchumaa mbele ya haradali iliyochanua, lenzi mkononi, nikamfuata kiwavi mmoja wa kijani. Alikuwa kwenye jani, akaliacha, akapanda shina hadi kwenye shada la maua. Alianzia ukingoni mwa petali, kichwa kikipanda na kushuka, na kila aliposhuka utepe mwembamba wa njano uliondoka. Petali ilipoisha akaingia kwenye stameni, sehemu ya kiume inayotoa chavua, chavua ikamganda kinywani. Nyuki akaja. Akalizunguka lile ua lililoraruka bila kutua, akahamia la jirani. Hapo ndipo nilipoona kilichokosekana katika somo langu miaka yote: njano ileile na harufu ileile inayomwita nyuki haimfichi mmea kwa anayetaka kuula.

Baadaye nilisoma jaribio ambalo natamani kila mwalimu wa Baiolojia alijue. Sergio Ramos na Florian Schiestl wa Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, walilitangaza mwaka 2019. Walichukua mmea wa jamii ya haradali, Brassica rapa, wa aina inayokua na kuzaa haraka sana, wakaupanda katika makundi. Baadhi walichavushwa na nyuki wakubwa wenye manyoya manene, wengine kwa mkono wa binadamu. Na katika kila upande, kuna waliowekewa viwavi wa kula majani na kuna walioachwa salama. Wakavuna mbegu, wakapanda tena, kizazi baada ya kizazi, mpaka sita.

Vizazi sita ni vichache mno katika hesabu ya mageuko, yaani mabadiliko ya kurithi ya viumbe kizazi hadi kizazi, lakini mimea ilikuwa imeshaachana njia. Iliyokuwa na nyuki bila viwavi ilipata maua ya kuvutia zaidi. Iliyokuwa na nyuki na viwavi pamoja haikufika huko. Mvuto wa maua yake ulibaki nyuma, ingawa nyuki walikuwa walewale. Tena ilianza kujitegemea: stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, na stameni zilisogeleana ndani ya ua, na uwezo wa mmea kujichavusha wenyewe ukaongezeka. Naomba msomaji akae hapa kidogo. Viwavi waliwekwa wale majani, na kilichobadilika ni umbo la ndani la ua na namna mmea unavyopata watoto. Tangu Sprengel, mtaalamu wa mimea Mjerumani, aeleze mwaka 1793 jinsi maua yalivyoumbika kwa ajili ya wadudu wanaobeba chavua, tumekuwa tukitazama upande huo mmoja zaidi.

Wala si viwavi tu. Katika milima ya Sierra Nevada, Hispania, kuna ua la porini liitwalo Erysimum mediohispanicum. Wachavushaji hupendelea mimea mirefu yenye maua mengi. Mbuzi mwitu nao huipenda hiyohiyo, na mbuzi hachagui petali, hung'oa shada zima. Penye mbuzi, faida ambayo mmea ungeipata kwa kuwapendeza nyuki hupungua sana. Figili mwitu wa California, Marekani, una maua ya njano, meupe, ya waridi na ya rangi ya shaba katika shamba moja. Nyuki hupendelea njano na nyeupe. Lakini wadudu kadhaa walao mimea hustawi vizuri zaidi kwenye mimea hiyohiyo kuliko kwenye ile ya waridi na shaba. Basi rangi ya waridi haipotei, ingawa nyuki wangeipitia mbali. Laiti ningekuwa na mfano huu siku ile ya swali.

Mfano wa tumbaku mwitu wa Utah, Marekani, Nicotiana attenuata, unanigusa kuliko yote. Maua yake hufunguka jioni na kumngojea nondo. Nondo huchavusha, kisha hutaga mayai palepale, na viwavi wake huanza kuutafuna mmea uliomlisha mama yao. Mwaka 2010 watafiti wa kundi la mwanabiolojia Ian Baldwin walionyesha kwamba mmea ukishavamiwa na viwavi hao, hutoa maua mengi zaidi yanayofunguka asubuhi, ambayo huchavushwa na ndege wadogo wanaonyonya nekta wakielea hewani. Ndege hatagi mayai kwenye majani. Nisieleweke vibaya: mmea mmoja kubadili saa ndani ya maisha yake hakuitwi mageuko. Lakini uwezo wa kubadili saa ni wa kurithi, na sioni namna ungeweza kujengeka bila meno ya viwavi.

Hata mlinzi dhidi ya walaji huliachia ua kazi. Mgunga wa Acacia zanzibarica huishi na siafu wakali... hapana, nirekebishe, si siafu, ni sisimizi wanaokaa miibani, ambao humshambulia kila anayeugusa. Sasa nyuki atapitaje? Utafiti wa Willmer na Stone nchini Tanzania, uliochapishwa 1997, ulionyesha kwamba maua machanga hutoa kitu kinachowafukuza sisimizi wakati chavua inapoachiwa, kisha walinzi hurudi na mbegu zikalindwa. Kitu hicho hakielezeki kwa kumtaja nyuki peke yake.

Ombi langu ni dogo. Mkiuchapisha tena mchoro ule, na naamini mtauchapisha maana ni mzuri, mwombeni mchoraji aongeze kiwavi mmoja chini ya nyuki, kwenye jani, akipanda.

Mwalimu wa Baiolojia, mstaafu