Mwalimu wa Theluji: Barua kwa Rehema

Innsbruck, Austria

Mpendwa shoga yangu Mwalimu Rehema,

Salamu nyingi zikufikie hapo Tanga, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku wazima, twamshukuru Mungu. Barua yako niliipata, na swali lako halijanitoka kichwani. Unauliza mtu anawezaje kuishi kwa kufundisha wenzake kuteleza kwenye theluji, na kama hiyo nayo ni kazi. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu wewe ni mwalimu, na habari yenyewe ni ya mwalimu.

Unajua huku kazi yangu ni kuhudumia wazee. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa skii, zile mbao mbili ndefu za kutelezea juu ya theluji, maisha yake yote: majira ya baridi yuko mlimani na wageni, kiangazi anakata majani ya ng'ombe nyumbani kwao. Siku hizi magoti yamechoka, hatoki. Lakini ana albamu nene ya picha za kale, nyingi zilipigwa hata yeye hajazaliwa, na tukishamaliza dawa na chai huniita tukae nayo.

Picha hizo, Rehema, natamani ungeziona. Kwanza utashangazwa na weupe wake. Bamba za kioo walizopigia picha enzi hizo zilikuwa zinapokea mwanga wa buluu kuliko rangi nyingine, kwa hiyo anga ya buluu ilitoka nyeupe sawasawa na theluji. Mlima na mbingu havina mpaka, na watu wanaonekana kama hawakukanyaga kitu. Sasa mfikirie mpiga picha mwenyewe: kamera ya mbao, stendi ya miguu mitatu na vioo vyake, vyote mgongoni, naye anapanda mlima kwa skii zilezile. Wanawake wamevaa sketi ndefu za sufu zilizoganda theluji upindoni. Skii ni mbao zilizopita urefu wa mtu, zimefungwa buti kwa mikanda ya ngozi.

Na kila mtu ameshika fimbo moja tu, ndefu. Hiyo ni alama ya Mathias Zdarsky, aliyefundisha kule Lilienfeld, karibu na Vienna. Wanorwe wa Telemark walikuwa mabingwa muda mrefu kabla yake; mkulima Sondre Norheim ndiye anayetajwa kuliko wote, kwa kufunga kisigino kwa fito za mti zilizosokotwa ili skii isimtoke mguuni akiruka au kupinda. Lakini milima ya Alps ni mikali kuliko ile ya Telemark, na Zdarsky alitafuta namna ya mtu kushuka miteremko hiyo bila kuvunjika. Mtindo wake ulifika hata Japani: Januari 1911 afisa wa jeshi la Austria, Theodor von Lerch, aliwafundisha askari wa Takada, na katika picha za huko wanaonekana na fimbo mojamoja kama wenzao wa Lilienfeld.

Lakini mzee wangu hakawii sana hapo. Anafunua kurasa mpaka kwa mtu mmoja anayeitwa Hannes Schneider, na hapo ndipo jibu la swali lako lilipo.

Schneider alizaliwa 1890 katika kijiji cha Stuben, kwenye barabara inayovuka mlima wa Arlberg. Mwaka 1907, akiwa kijana wa miaka 17, hoteli moja ya St. Anton, upande wa pili wa mlima, ilimwajiri awafundishe wageni wake skii. Reli ilikuwa imeshapita hapo tangu 1884, ndani ya handaki la zaidi ya kilometa 10, kwa hiyo wageni wa mijini walikuwa wanafika. Walichokosa ni mtu wa kuwafundisha.

Aligundua mambo mawili, moja la mwili na moja la ualimu. La mwili ni kwamba wenzake walikuwa wanateleza wamesimama wima; yeye akakunja magoti, akainama mbele na kuupeleka uzito wake kule anakoelekea, badala ya kurudi nyuma kwa woga. Hilo wataalamu wamelijadili sana. Mimi nalihusudu zaidi la pili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alianzisha shule, akawapanga watu kwa madarasa kulingana na uwezo wao, kila darasa na mwalimu wake, na walimu wote wakifundisha hatua zilezile kwa mpangilio uleule. Mtu hapandi darasa mpaka aweze la kwake. Wewe utaona hilo ni jambo la kawaida, kwa kuwa ndivyo shule ilivyo. Ila kabla yake watu walijifunza kwa kumfuata anayejua, aliyeanguka akaachwa nyuma.

Mzee amenieleza hatua zenyewe kwa viganja vyake viwili juu ya meza. Kwanza kabari: ncha za mbele zinakaribiana, nyuma zinatanuka, kingo za ndani zinauma theluji na mwendo unapungua. Usimpe mwanafunzi lolote lingine kabla hajajua kusimama, anasema, maana asiyejua kusimama haogopi mlima, anajiogopa mwenyewe. Akishaweza, unamwambia aelemee mguu mmoja: akielemea wa kulia, anapinda kushoto. Kisha, kona inapoisha, anausogeza mguu wa ndani ukae sambamba na mwenzake. Hapo mzee hulaza viganja vyake pamoja taratibu sana na kunitazama kuona kama nimeelewa. Miaka yote aliyoishi mlimani iko katika mikono ile.

Kuna picha ya darasa ambayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Wanafunzi wamejipanga mstari kwenye mteremko, mmoja ameshika kofia, mwingine magoti yamekakamaa. Mwalimu yuko chini yao, amewapa uso, mgongo ameuelekeza bondeni. Nilidhani amekaa hivyo kwa ajili ya kamera. Mzee akasema hapana, mahali pa mwalimu ni pale: mwanafunzi akimwona mwalimu mbele yake, haoni shimo lililo nyuma ya mwalimu. Nikakukumbuka wewe.

Schneider alijua pia thamani ya picha kwa kufundishia. Arnold Fanck, mtengeneza filamu wa Ujerumani, alianza kumrekodi akiteleza, na mwaka 1925 wawili hao walitoa kitabu ambamo filamu imekatwa fremu kwa fremu na kupangwa kurasani, ili msomaji afuate kona moja tangu goti linapokunjwa mpaka linaponyooka. Mwaka 1930 alialikwa Japani, na huko nako akawa mwalimu wa walimu.

Kisha ikaja 1938. Wanazi walipoitwaa Austria mwezi Machi, walimkamata Schneider mara moja. Alikuwa amewapinga, na mshirika wake mkubwa katika kuijenga St. Anton alikuwa Rudolf Gomperz, mtu wa asili ya Kiyahudi. Walimfunga Landeck, halafu wakampeleka Garmisch, Ujerumani, akakaa chini ya uangalizi. Aliyemwokoa ni Harvey Gibson, mwenye benki wa Marekani aliyekuwa na shughuli na mabenki ya Ujerumani na aliyetaka mwalimu wa mlima wa mji wake wa kuzaliwa, North Conway, jimbo la New Hampshire. Februari 1939 Schneider akashuka kwenye treni huko na familia yake. Picha ya siku hiyo ni maarufu: watu wa mji wamejipanga pande mbili, wameinua fimbo za skii na kuzikutanisha juu, naye anapita katikati.

Ni picha nzuri, sikatai. Lakini kila nikiiona namfikiria Gomperz, ambaye hakuna benki iliyomwombea. Alipelekwa Maly Trostinec, mahali Wanazi walipoulia watu karibu na Minsk, Belarusi, akauawa mwaka 1942. Miaka mingi alikuwa amefanya kazi ya kuleta wageni na mashindano St. Anton, na mtu akizitazama zile picha za furaha za miaka ya 1920 na 1930 anatazama kazi yake pia. Anastahili kutajwa kila anapotajwa mwenzake.

Schneider aliendelea kufundisha North Conway mpaka alipofariki 1955. Wanafunzi wake walikuwa wameshatapakaa kwenye milima ya Marekani: Otto Lang alifundisha Mount Rainier, Friedl Pfeifer akaenda Sun Valley na baadaye Aspen. Mwanawe Herbert alipigana Italia na kikosi cha milimani cha jeshi la Marekani, kisha akaishika kazi ya baba yake.

Uliandika pia kwamba mchezo huu hauna mtu wetu. Wapo! Philip Boit wa Kenya alishindana katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998, katika mbio za skii za kilometa 10. Alimaliza wa mwisho, na bingwa mwenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alimngoja kwenye mstari akamkumbatia. Na Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya akakulia hapa Austria, aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018.

Nimemwomba mzee ruhusa ya kuzipiga picha chache kwa simu, amekubali. Nitazichapisha nikupe kwa mkono wa binamu yangu anayerudi nyumbani mwezi ujao. Waonyeshe wanafunzi wako. Mzee naye ameleta ombi lake. Nilipomwambia rafiki yangu anafundisha darasa la kwanza, aliuliza: huwa unaanzaje na mtoto anayeogopa kuja mbele ubaoni? Tafadhali niandikie kwa kirefu, nimtafsirie.

Msalimie mama, na mwambie sijasahau ahadi ya dawa yake ya miguu.

Ni mimi shogayo,
Zuhura