Risala ya Klabu ya Fizikia kwa Mgeni Rasmi, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamoo, Mheshimiwa. Tanga wanasema waja leo waondoka leo, lakini wewe unayeshughulika na mashine za hospitali tunakuomba ukawie kidogo kwenye meza yetu.

Hapa pana pete ya waya wa shaba, upana wa kisahani cha chai. Ni mfano wa koili ya kupokea, ile anayowekewa gotini au kifuani mgonjwa anayepigwa MRI, yaani picha ya ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio. Kwenye mashine yenye sumaku ya nguvu ya tesla 1.5, haidrojeni iliyomo katika maji ya mwili huitika kwa masafa ya megahezi 64 hivi. Kwenye tesla 3 ni 128. Redio za FM zimekaa katikati hapo, ndiyo maana tulithubutu.

Mwitiko huo ni hafifu mno. Koili isiposimama sawasawa kwenye masafa yake, picha hujaa chenga. Tena anayeihamisha kwenye masafa hayo ni mgonjwa mwenyewe: mwili, kwa maji na chumvi yake, huongeza kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji za umeme, na masafa ya koili yanashuka. Mwenye redio ya antena anajua. Ukiishika inasema vizuri, ukiondoka inakoroma. Mtoto mwembamba huihamisha kivyake na bibi mnene kivyake, na aliyeirekebisha kiwandani hakumwona hata mmoja.

Dawa yake ni dayodi ya varakta, kifaa kidogo cha umeme ambacho kapasitansi yake hubadilishwa kwa volti. Yetu tuliichomoa kwenye redio mbovu ya gari. Ukiizidishia volti za kinyume, kapasitansi inapungua, masafa yanapanda. Sogeza mkono, Mheshimiwa, uone sindano ya mita inavyopotea, kisha mwenzetu azungushe kitufe cha volti hadi irudi. Koili zinazojirekebisha zenyewe hutumiwa wimbi dogo kabla ya picha, kompyuta hupima kiasi kinachorudishwa, halafu hubadili volti mpaka kinachorudi kiwe kidogo kabisa. Kwetu kazi hiyo anaifanya mwanafunzi wa kidato cha tatu. Otomatiki yetu bado inakula ugali.

Mita si yetu. Tumeiazima kwa fundi redio wa Ngamiani, na Jumatatu anaitaka. Tunaomba mita yetu, pasi ya pili ya kulehemu, na kikompyuta kidogo cha kumpumzisha mwenzetu anayezungusha kitufe. Hata koili mbovu iliyolala stoo tutaipokea kwa mikono miwili, tuifungue tuone ndani.

Mheshimiwa, naomba kuwasilisha.